Coffey: Ofisa wa ushuru aliyeitikisa wiski ya Ireland

WAFANYABIASHARA wa mpakani wanajua kwamba ushuru ukipanda kupita kiasi, njia za panya hujaa watu. Aeneas Coffey aliujua ukweli huo kwa kumwaga damu yake. Mwireland huyo, aliyezaliwa mwaka 1780, alianza kwa kuwasaka wapika pombe haramu, akaishia kuvumbua mtambo uliogeuza biashara ya wiski duniani.

Nchi aliyoitumikia ilikuwa imejaa magendo. Mwaka 1779 Ireland ilikuwa na viwanda vya pombe kali 1,228 vilivyosajiliwa. Sheria ya mwaka huo ikamtaka kila mpishi alipe ushuru kwa kukadiria ukubwa wa mtungi wake, hata kama hakupika kiasi hicho. Wadogo walishindwa, na kufikia mwaka 1790 vilibaki viwanda 246 tu. Waliofungiwa hawakuacha kazi. Walikimbilia milimani wakapika poitín, ambayo Mtanzania angeiita gongo na Mkenya chang'aa.

Coffey aliingia idara ya ushuru akiwa kijana. Wakati huo mtambo wa magendo ukikutwa bila mwenyewe, kitongoji kizima kilitozwa faini, hivyo maofisa walichukiwa na wenye hatia na wasio na hatia. Mwaka 1810, huko Inishowen katika jimbo la Donegal, kundi la watu lilimvamia Coffey, likampasua fuvu na kumchoma kwa singe. Alipona, akarudi kazini, na kufikia mwaka 1818 alikuwa Inspekta Mkuu wa Ushuru wa Ireland.

Mwaka 1823 serikali ilipunguza ushuru na kurekebisha sheria. Mwaka uliofuata Coffey alijiuzulu, akageuka kuwa mwenye kiwanda cha pombe kali jijini Dublin.

Viwanda vya huko vilitumia mitungi ya shaba, ambayo kanuni yake ni ile ile ya mpika gongo: pombe huchemshwa, mvuke hupita kwenye bomba linalopozwa kwa maji, kisha hudondoka ukiwa kinywaji kikali. Kila mpiko ukiisha, mtungi husafishwa na kazi huanza upya. Coffey alijenga minara miwili iliyounganishwa. Pombe iliingia kwa juu, mvuke wa moto ukapanda kutoka chini, na spiriti ikatoka mfululizo bila kusimama, tena kwa gharama ndogo. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1830.

Wakubwa wa Dublin, wakiwamo akina Jameson na Power, waliukataa mtambo huo. Walidai kwamba spiriti yake ilikuwa kali na safi lakini haina ladha. Ladha waliyoitetea nayo ilikuwa imechangiwa na kodi. Tangu mwaka 1785 kimea kilitozwa kodi, hivyo wapishi walikipunguza na kuchanganya shayiri isiyooteshwa. Mchanganyiko huo ulizaa wiski nzito yenye ukali wa viungo, na wateja wakaipenda.

Waskoti hawakusita. Walichanganya spiriti rahisi ya minara na wiski yao ya mitungi, wakaisambaza kila bara. Coffey mwenyewe alihamia London, ambako mwaka 1835 alifungua kampuni ya kutengeneza mitambo pamoja na wanawe. Mwaka 1909 Tume ya Kifalme ya Uingereza iliamua kwamba spiriti ya minara ni wiski halali. Waireland wakapigwa tena na vita vya uhuru wao, kisha na marufuku ya pombe nchini Marekani kati ya mwaka 1920 na 1933. Katikati ya miaka ya 1970, Ireland nzima ilibaki na viwanda viwili, Midleton na Bushmills.

Wiski ya mtungi iliponea chupuchupu, kupitia majina machache kama Redbreast na Green Spot. Ilianza kufufuka kwa nguvu mwaka 2011, Midleton walipotoa chupa mpya, na viwanda vingine vikafuata.

Msomaji aliyerudi kutoka Ulaya na chupa ya namna hii asiigugumie kama soda. Atafute kwanza maneno pot still kwenye lebo. Amimine kidogo katika bilauri iliyobana mdomoni, ainuse kwa mbali huku midomo ikiwa wazi kidogo, kisha apige funda dogo na kulizungusha ulimini. Uzito unaoteleza kama mafuta na ukali unaokumbusha tangawizi na pilipili manga hutokana na shayiri isiyooteshwa. Utamu wa vanila na matunda makavu hutoka kwenye mapipa ya mbao, ambamo wiski ya Ireland hulala kwa miaka isiyopungua mitatu. Matone mawili ya maji huifungua harufu zaidi.

Kisha aonje Jameson ya kawaida, na atahisi wepesi. Wiski hiyo leo huchanganya ya mtungi na ya minara. Viwanda vilivyomkataa Coffey viliishia kuutumia uvumbuzi wake ili viweze kuishi, na wiski ya mtungi iliyopikwa peke yake sasa huuzwa ghali kuliko mchanganyiko huo.