Mwalimu Nyerere na mitaa ya maduka: kwa nini katikati ya mji wetu pamelala?



Juzi nilikuwa Tukuyu mjini nasubiri gari ya kurudi nyumbani. Ukikaa pale bila haraka unaanza kuona vitu ambavyo siku zote unavipita tu. Zile nyumba za maduka za zamani, zenye baraza mbele na mabati yaliyoshika kutu, milango ya mbao ya kukunja, nusu imefungwa. Malori ya ndizi na parachichi yanapita kwenye lami yanaelekea Mbeya na hayasimami. Kijana mmoja pale kijiweni akasema mji umeuliwa na Mbeya. Mzee mmoja akadakia, hapana, mji uliuliwa na Mwalimu. Kha! Pakawaka moto. Wengine nusura wamtoe mzee nduki, maana Mwalimu huku kwetu hasemwi ovyo.

Nimerudi nyumbani nikasema ngoja niandike maisha ya Mwalimu kwa upande huo, upande wa mji. Maana habari zake za kijiji, ujamaa na ukombozi tumezisoma toka shule ya msingi mpaka tukazikariri. Za mitaa ya maduka hatukufundishwa.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake Mgaya Nyang'ombe. Hakukulia mjini hata kidogo. Alikuwa na miaka 12 alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Kutoka hapo akaenda Tabora, kisha Makerere, akarudi Tabora kufundisha St. Mary's, halafu 1949 akaenda Edinburgh na kumaliza shahada ya M.A. mwaka 1952. Yaani huyu bwana alikaa miaka mitatu kwenye mji wa mawe wenye mitaa ya karne na karne, na alivyorudi moyo wake bado ulikuwa kijijini. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Alifundisha Pugu, nje kidogo ya Dar. Na hapa ndipo mji ulipombeba. Chama cha TAA, alichochaguliwa kuwa rais wake mwaka 1953, kilikuwa chama cha watu wa mjini: makarani, madereva, wachuuzi, watu wa Kariakoo. TANU ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, na waliokwenda kuitangaza nyumba kwa nyumba walikuwa watu kama Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa mjini aliyejulikana kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama. Mwaka 1955 Mwalimu akaacha kazi ya ualimu. Kuanzia hapo aliishi kwa nguvu ya chama, na nguvu ya chama ilikuwa mitaani na sokoni. Kwetu Nyanda za Juu Kusini kazi hiyo ilifanywa na akina John Mwakangale, mtu wa hapa hapa Rungwe, ambaye leo viwanja vya Nanenane Mbeya vina jina lake. Nani kati yenu alishawahi kuuliza jina lile ni la nani? Basi ndio huyo.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka mmoja baadaye akawa Rais. Na Februari 1967 likaja Azimio la Arusha.

Watu wanalikumbuka Azimio kwa kutaifisha mabenki na viwanda. Lakini ukilisoma lile andiko lenyewe, lina sehemu inazungumza mji na kijiji waziwazi. Hoja yake ni kwamba mikopo ya nje inajenga hospitali, barabara na viwanda mijini, lakini inalipwa kwa fedha za kigeni zinazotokana na mazao ya mkulima, kwa hiyo tusipoangalia watu wa mjini watageuka wanyonyaji wa watu wa kijijini. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa na ndizi, sioni pa kumbishia. Baba zetu walilipa kweli. Ila kutoka hoja hiyo mpaka kuuona mji wenyewe kama mshukiwa ni hatua fupi sana, na nadhani serikali yake iliipiga hatua hiyo.

Kwanza yakaja majumba. Aprili 1971 Bunge lilipitisha sheria ya kutwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba iliyokuwa na zaidi ya miaka kumi, mwenyewe hakulipwa hata senti. Wengi walioguswa walikuwa Watanzania wenye asili ya Kiasia, maana ndio waliokuwa wamejenga ghorofa na maduka katikati ya miji. Nendeni Mbeya mtaa wa Uhindini, jina lenyewe linajieleza. Familia nyingi zilifunga mizigo zikaenda Uingereza na Kanada. Lengo lilikuwa kukomesha ukabaila wa kodi za nyumba, na mpangaji wa kawaida alishangilia, tusiseme uongo. Lakini jiulize, nyumba ambayo mwenyewe hayupo na msajili yuko mbali, bati likitoboka nani anapanda juu? Mnamo 1990 zile nyumba zikahamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa, na miaka karibu ishirini ya kutopakwa rangi ilikuwa imeshapita.

Pili, na hili ndilo nataka tulijadili kweli kweli. Mwaka 1972 likaja lile la Madaraka Mikoani. Serikali iliajiri kampuni ya washauri kutoka Marekani, McKinsey, wakatengeneza mpango wa kupeleka maofisa wa wizara mikoani na wilayani ili mambo yaamuliwe karibu na wananchi. Jina zuri. Ila ndani yake halmashauri zilizochaguliwa na watu zikafutwa, za wilaya kwanza na za miji zikafuata. Yaani mji ukabaki hauna diwani wala mfuko wake. Ushuru wa soko hauna mwenyewe anayeulizwa mtaro umeziba kwa nini. Ofisa anapangiwa kutoka juu na akihamishwa anaondoka na ahadi zake.

Wakati huo huo, mawazo yote ya nchi yalikuwa vijijini. Kuanzia 1973 mpaka 1976 ilikuwa kuhamia vijiji. Huku Rungwe, ambako migomba na nyumba zimebanana tayari, watu wengi hawakuhamishwa kama mikoa mingine, kijiji kiliandikishwa hapo hapo kilipo. Tulichokionja sisi zaidi ni Operesheni Maduka ya 1976. Hii vijana wengi hamuijui kabisa. Maduka ya watu binafsi yaliamriwa kufungwa ili biashara ichukuliwe na maduka ya kijiji na ya ushirika. Bidhaa zilikuwa tayari zinapitia kampuni za biashara za mikoa, zile RTC ambazo wazazi wetu wakizitaja wanacheka kwa uchungu. Bibi yangu anasema alikuwa anatoka nyumbani alfajiri kwenda mjini kupanga foleni, na alikuwa hajui foleni ni ya nini, anapanga kwanza halafu ndio anauliza. Ile operesheni ilisitishwa baada ya muda mfupi kwa sababu bidhaa zilipotea kabisa na maduka ya kuchukua nafasi hayakuwepo. Lakini mwenye duka akishafunga na kuuza rafu zake, hafungui tena kwa tangazo la redioni. Na mwaka huo huo wa 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa, wakati kwa mji kama wetu ushirika wa wakulima ndio uliokuwa unaleta watu mjini na pesa mkononi wakati wa kahawa.

Sasa yule kijana wa kijiweni aliyesema mji umeuliwa na Mbeya naye hajakosea, ila hajui kwamba huko nako Mwalimu yumo! Tukuyu ilikuwa makao makuu toka enzi za Wajerumani, walioiita Neu Langenburg, kabla Mbeya haijawa kitu. Mbeya ilianza kuchangamka miaka ya 1920 na 1930 kwa dhahabu ya Lupa. Kilichoimaliza hesabu ni njia. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita Mbeya. Reli ya TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, iliyojengwa na Wachina kwa mkopo usio na riba na kukamilika 1975, nayo inapita Mbeya. Ni kazi kubwa na nzuri kuliko zote alizofanya, iliwasaidia Wazambia kuacha kutegemea njia za makaburu, na mimi sitaki mtu aiseme vibaya hapa. Ila sisi tupo kilometa 70 hivi kutoka kwenye reli. Mfanyabiashara ataweka ghala wapi? Hata wewe ungeweka Mbeya.

Kwa hiyo mzee na kijana wote walikuwa wanamzungumzia mtu mmoja.

Nilichokipenda katika maisha ya Mwalimu, na ndicho kilichonifanya niandike badala ya kununa tu, ni kwamba aliyaona mwenyewe. Miji ilipokosa mabaraza, taka zilijaa, mitaro ikaziba, na kipindupindu kilipoingia nchini 1977 kikakuta njia nyeupe. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kurudisha halmashauri za miji kwa muda. Mwaka 1982 zikatungwa sheria kamili za serikali za mitaa, za wilaya na za miji, na 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Ushirika nao ukaruhusiwa kurudi. Na mwaka huo wa 1984, akiwa bado Rais, alikiri hadharani mbele ya mwandishi wa nje kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja ushirika ni makosa mawili ambayo kama angeanza upya asingeyarudia. Nitajieni viongozi wangapi mnawajua wanaosema hivyo wakiwa bado wamekalia kiti.

Mwaka 1985 akang'atuka, akaenda zake Butiama kulima. Alibaki mwenyekiti wa CCM mpaka 1990. Wakati yeye analima, biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia, maduka yakafufuka yenyewe bila operesheni. Na 1986, naomba mniruhusu hapa nijisifu kidogo, Tukuyu Stars, Banyambala, wakachukua ubingwa wa ligi ya Bara! Mji mdogo usio na reli, usio na kiwanja cha ndege, ukawapiga vumbi Simba na Yanga. Wazee wanaohadithia siku zile wanasema mjini hapakuwa na pa kukanyaga. Basi hata mji unaweza kufufuka kwa jambo ambalo halipo kwenye mpango wa wizara.

Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 London, hospitali ya St. Thomas, akazikwa Butiama kijijini kwao.

Tangu hapo miji ya kusini imekwenda mwendo tofauti tofauti. Mbeya ikawa jiji 2005, soko lake la Mwanjelwa likaungua 2006 na likajengwa upya kwa ghorofa, na kupitia mradi wa miji mkakati uliokopwa Benki ya Dunia, yenyewe na Mtwara zikapata lami za mitaani na taa. Ukipita usiku unaona tofauti. Sisi tunaangalia. Wengine wanasema dawa ni Tukuyu kupewa halmashauri yake ya mji ijitegemee. Mimi bado najiuliza, ushuru wa ndizi unakusanywa kwa wakulima wa vijijini kama Kinyala. Ukijenga mitaro ya mjini kwa ushuru huo, si tunarudi kule kule kwenye hoja ya Azimio? Lakini mtaro usipojengwa, mama yangu akileta ndizi zake sokoni anauzia kwenye tope. Hapo ndipo nimekwama, nasema kweli.

Lile jengo la boma la Wajerumani, kuta zake bado zipo, na ofisi za halmashauri zimekaa humo humo ndani. Siku ile gari yangu ilipokuja nilikuwa nimekaa naziangalia. Halmashauri iliyofutwa 1972 na kurudishwa 1984 ndiyo hiyo, na dirisha la kulipia ushuru lilikuwa na foleni, safari hii watu walikuwa wanajua wanapanga kwa ajili ya nini.

Mwenye kumbukumbu za maduka ya zamani pale mjini, yalikuwa ya nani na yalifungwa lini, atuwekee hapo chini. Matusi sitayapitisha.