Derek Bryceson, Mbunge wa Kinondoni

Katika kijitabu hiki cha maadhimisho ya hekalu letu, tumeona inafaa kumkumbuka mtu ambaye hakuwa wa jumuiya yetu wala wa dini yetu, bali aliwahi kuwa mbunge wa sehemu hii ya jiji. Vijana wetu wengi wa Kinondoni na Temeke hawalijui jina lake, na majirani zetu walio chini ya umri wa miaka hamsini hawakumwona.

Derek Bryceson alizaliwa nchini China mwaka 1922, mtoto wa wazazi wenye asili ya Uingereza. Katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa rubani wa Jeshi la Anga la Uingereza. Ndege yake ikaanguka, naye akaumia vibaya hata madaktari wakamwambia kuwa hatatembea tena. Akajilazimisha kusimama, akajifunza upya kutembea, na tangu hapo fimbo ikawa mwenzake wa maisha. Alisomea kilimo Cambridge, kisha mwaka 1947 akaja Afrika Mashariki. Alianza kulima Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akahamia Tanganyika, Kilimanjaro Magharibi.

Kwa mlowezi wa wakati ule, njia ilikuwa imekwisha kuchorwa: shamba, klabu, na kukaa mbali na Waafrika. Bwana Bryceson aliiacha njia hiyo, akajenga urafiki na Mwalimu Nyerere na kuiunga mkono TANU katika siku ambazo chama hicho kilikuwa bado hakipokei wanachama wasio Waafrika.

Uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, ulioanza Septemba 1958, ulikuwa wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Utaratibu huo uliwaudhi wanachama wengi wa TANU, lakini mkutano wa Tabora wa Januari mwaka huo uliamua kushiriki, na chama kikatafuta Waasia na Wazungu wa kuwaunga mkono. Jimbo la Kaskazini likawapeleka katika Baraza la Kutunga Sheria Solomon Eliufoo, Bi. Sophia Mustafa na Derek Bryceson. Mwaka uliofuata yeye na Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza na mtu wa damu ya Kigujarati kama sisi, walikuwa miongoni mwa wajumbe waliopewa uwaziri.

Oktoba 1961 Bunge lilijadili sheria ya uraia. Wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na Mwalimu alisema wazi kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali hayo. Sheria ilipita. Wale ambao hawakuwa raia kwa kuzaliwa walipewa miaka miwili ya kujiandikisha na kuukana uraia wa kwanza. Tunaomba msomaji atulie hapa kidogo, maana ndani ya nyumba zetu suala hilo liligawa ndugu na ndugu: huyu alichukua pasi ya Uingereza, yule akabaki. Bwana Bryceson alichagua kuwa Mtanganyika.

Mwaka 1965 kura tatu zilikuwa zimekwisha, na chama kilikuwa kimoja. Karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Walihutubia mikutano pamoja, kwa Kiswahili, na ilikuwa marufuku kutaja rangi, kabila au dini. Kaskazini mwa Dar es Salaam, pande hizi za Kinondoni, Bwana Bryceson alishindana na Mwafrika. Wapiga kura, ambao karibu wote walikuwa Waafrika, wangeweza kumkataa kwa siri bila mtu kujua. Wakamchagua kwa kura nyingi.

Alishika wizara mbalimbali, afya na kilimo zikiwemo. Hatutaficha kwamba alikuwa waziri mwaka 1971, serikali ilipotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa ya Waasia. Wengi wa watu wetu walihama kwa sababu hiyo. Kumheshimu mtu hakutudai kusahau jambo hilo, na kulikumbuka hakutuzuii kumheshimu.

Mwaka 1972 aliacha uwaziri, akawa Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa huku akiendelea kuwa mbunge. Mwaka 1975 alimwoa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe. Mwaka huohuo watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka Ziwa Tanganyika na kuwateka wanafunzi wanne waliokuwa Gombe. Wote waliachiliwa baadaye, lakini kazi ya utafiti ilikuwa karibu kufa, na iliendelea mikononi mwa Watanzania waliokuwa wamefunzwa hapohapo.

Saratani ilimwondoa duniani Oktoba 1980, akiwa kwenye matibabu Ujerumani. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakarudishwa na kumwagwa katika Bahari ya Hindi, katika maji aliyopenda kuogelea juu ya matumbawe. Msomaji wa Kihindu hahitaji kuelezwa desturi hiyo.