Padri Georges Lemaître na Giza la Ulimwengu

Mtu tunayemsimulia leo alivaa kanzu ya upadri, akashika chaki ya mwalimu wa hesabu, na katika kazi zote mbili alikuwa mwaminifu.

Georges Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 katika mji wa Charleroi, nchi ya Ubelgiji. Tangu utoto alitamani mambo mawili: upadri na elimu. Vita vilipozuka mwaka 1914, aliacha masomo ya uhandisi, akajitoa kwa hiari kuwa askari, akatumika penye mizinga na kupata nishani ya ushujaa. Baada ya vita alishika hesabu na fizikia katika Chuo Kikuu cha Louvain, kile kilichokuja kuanzisha Lovanium huko Kinshasa mwaka 1954. Alipata udaktari mwaka 1920, akaingia seminari ya Malines, na tarehe 22 Septemba 1923 Kardinali Mercier akampa daraja ya upadri.

Ndipo akaenda Cambridge kwa Bwana Eddington, kisha Harvard, Marekani. Wakati huo wenye darubini walikuwa wameona jambo la ajabu: nuru ya makundi mengi ya nyota yaliyo mbali huelekea wekundu, kana kwamba makundi hayo yanatukimbia. Mwaka 1927, akiwa mwalimu Louvain, Padri Lemaître alieleza sababu. Si nyota zinazokimbia, bali anga lenyewe linatanuka. Fikirini donge la unga wa maandazi lililotiwa njugu. Donge linapoumuka, kila njugu hujitenga na wenzake, wala hakuna njugu iliyotembea. Tena alikadiria kiasi cha mwendo huo, miaka miwili kabla ya Bwana Hubble kutangaza vipimo vyake mwaka 1929.

Mwaka huohuo wa 1927 alikutana na Bwana Einstein mjini Brussels. Mtaalamu huyo mkuu alikubali kwamba hesabu ni sawa, lakini fizikia yake aliikataa. Yeye mwenyewe mwaka 1917 alikuwa ametia katika hesabu zake herufi ya Kigiriki, lamda, ili ulimwengu usimame tuli. Alipokwisha kusadiki kwamba ulimwengu unatanuka, mwaka 1931 aliitupa lamda kama kitu kisicho na kazi.

Padri Lemaître hakuitupa. Aliona kwamba bila lamda, vipimo vya siku zile vilifanya ulimwengu kuwa na umri mdogo kuliko mawe ya dunia yetu. Na mtoto awezaje kumtangulia mama yake? Basi mwaka 1934 aliandika kwamba utupu si utupu mtupu: una nishati yake, nayo hutenda kinyume cha mvuto, ikisukuma anga litanuke. Wengi waliona kwamba anang'ang'ania jambo lililokwisha kuachwa. Yeye hakugombana na mtu, wala hakuacha.

Mwaka 1931 alikuwa amefundisha pia kwamba ulimwengu wote ulianza katika kitu kimoja kidogo, kizito mno, alichokiita atomu ya kwanza. Hapo ndipo palipokuwa na kishawishi. Mwaka 1951 Baba Mtakatifu Pio XII alihutubia wataalamu, akaonyesha kwamba elimu hiyo mpya inashuhudia uumbaji. Padri angeweza kufurahia heshima hiyo, lakini alihuzunika. Alijua kwamba fundisho la fizikia laweza kusahihishwa kesho, na imani isijengwe juu ya kitu cha namna hiyo. Maoni yake yalifikishwa Vatikani kwa adabu, na mwaka uliofuata Baba Mtakatifu alipowahutubia wataalamu wa nyota mjini Roma, hakuirudia hoja ile.

Mwaka 1966, akiwa mgonjwa, aliletewa habari kwamba huko Marekani imegunduliwa mianzi hafifu inayojaza anga lote, masalio ya joto la mwanzo. Tarehe 20 Juni mwaka huo alifariki.

Lamda nayo ilifufuka. Mwaka 1998 makundi mawili ya wataalamu yalipima nyota zinazolipuka mbali sana, na kumbe ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi. Kitu kinachousukuma huitwa sasa nishati ya giza. Kiko na kingine, maada ya giza, isiyoonekana, ambayo kwa mvuto wake huyashika makundi ya nyota yasitawanyike. Kwa vipimo vya leo, nishati ya giza ni kama sehemu 68 katika 100 za ulimwengu, maada ya giza 27, na vyote tunavyovijua, nyota, milima na miili yetu, ni 5 tu.

Je, giza hizo mbili ni kitu kimoja chenye tabia mbili, kinachokusanya hapa na kusukuma kule? Wako wataalamu wanaofikiri hivyo, na wengine husema kwamba moja hugeuka polepole kuwa nyingine. Hakuna aliyethibitisha bado. Tangu mwaka 2024 vipimo vya Arizona vimedokeza kwamba huenda nishati ya giza inapungua nguvu. Ikiwa ndivyo, hata lamda ya Padri wetu itabidi isahihishwe.

Jambo hilo lisingemtikisa. Hesabu alizifuata mpaka mahali zilipomfikisha, na hakuzitumia kujenga yale aliyoyasadiki kwa njia nyingine. Nasi tunaofundisha watoto tufanye vivyo hivyo: mtoto akituuliza giza hilo ni nini, tumwambie bila haya kwamba bado linatafutwa.