Harry Brearley, mtoto wa maskini aliyeleta chuma kisichoshika kutu

BUKAVU – Visu vya inoksi vinavyouzwa katika masoko ya Bukavu, Kadutu ikiwemo, vinatokana na kazi ya mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 12.

Harry Brearley alizaliwa Sheffield, Uingereza, tarehe 18 Februari 1871, katika familia maskini. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma. Harry aliingia humo humo akiwa kijana, akaosha chupa za maabara na kusoma kemia usiku. Mwaka 1908 alipewa kuongoza maabara ya utafiti ya Brown Firth.

Mwaka 1912 aliombwa kutafuta chuma kisichoharibiwa haraka na joto ndani ya mitutu ya bunduki. Tarehe 13 Agosti 1913 aliyeyusha chuma chenye krome asilimia 12,8. Asidi haikukila chuma hicho kama vyuma vingine. Brearley akawaza visu vya mezani, ambavyo siku hizo vilishika kutu.

Wakubwa wake hawakuona faida. Wahunzi nao walishindwa: chuma kilikuwa kigumu kufuliwa, na kilikazika kikipoa hewani tu. Mwaka 1914, Ernest Stuart wa kiwanda cha visu cha Mosley alijaribu mara tatu hadi akapata joto linalofaa. Visu vikatoka vizuri.

Ushindi huo ulileta ugomvi. Brearley na kampuni hawakuelewana juu ya haki za ugunduzi, akaondoka mwaka 1915. Aliyechukua nafasi yake, William Hatfield, alitengeneza mwaka 1924 inoksi ya krome asilimia 18 na nikeli asilimia 8, ambayo hukunjwa bila moto na leo hutumika kwa masufuria mengi.

Hiyo nayo ina tabia yake. Ikigongwa baridi, sehemu ya chembe zake hubadili mpangilio: bati hukazika, linaweza kupasuka, na pale lilipokunjwa huanza kuvutwa na sumaku. Likipashwa joto kiasi, badiliko hilo hupungua na bati hukunjika kwa nguvu ndogo. Chuma cha visu cha Brearley chenyewe huvutwa na sumaku daima. Kwa hiyo mnunuzi anayepima kwa sumaku peke yake anaweza kukataa inoksi ya kweli.

Brearley alifariki Torquay tarehe 14 Julai 1948. Miaka saba kabla, alikuwa ameanzisha mfuko wa kusaidia watu wa Sheffield, mji alikokulia katika umaskini.