Ben Hogan: Alifika alikotaka, akaanza upya

Mwaka 1942 ulipomalizika, Ben Hogan alikuwa ameongoza kwa mapato miongoni mwa wacheza gofu wa kulipwa wa Marekani kwa miaka mitatu mfululizo. Miaka minne tu kabla ya hapo alikuwa akihesabu senti za petroli. Sasa alikuwa na fedha, jina, na wapinzani waliomwogopa. Kilichomsumbua hakikuonekana kwenye orodha ya mapato: hakuiamini namna yake mwenyewe ya kupiga mpira. Tangu ujana mpira wake ulikuwa na tabia ya kupinda ghafla kwenda kushoto, na alijua kwamba siku ya shinikizo kubwa ungepinda tena.

Si wengi wanaosoma gazeti hili wakisubiri mzigo upitishwe Namanga au Mutukula ambao wanacheza gofu. Lakini tatizo la Hogan wanalijua. Katika klabu za gofu kila mchezaji wa ridhaa ana kipimo kinachoitwa handikapu, yaani idadi ya mikwaju anayopunguziwa ili aweze kushindana na waliomzidi. Kipimo kikishuka, mchezaji amepanda. Mtu hujiwekea lengo, tuseme kutoka 18 hadi chini ya 10, akahangaika miaka miwili, akafika. Wiki chache baadaye mchezo unamtoka. Hana tena cha kukimbilia, na kila kosa dogo analiona kuwa ushahidi kwamba alifika kwa bahati. Mfanyabiashara aliyeota kununua lori lake la kwanza, akalipata, kisha akaanza kulala vibaya kuliko alipokuwa akikodi, anaelewa ninachosema.

Hogan alikuwa mchezaji wa kulipwa na hakuhitaji kupunguziwa mikwaju. Lakini maisha yake yote yalizunguka jambo hilo hilo: kufika, kisha kuamua afanye nini asubuhi inayofuata.

Alizaliwa Agosti 13, 1912, Stephenville, jimbo la Texas, akakulia mji mdogo wa jirani uitwao Dublin. Baba yake, Chester, alikuwa mhunzi. Mwaka 1922, familia ikiwa imehamia Fort Worth, baba huyo alijiua kwa bastola nyumbani. Ben alikuwa na miaka tisa. Mama yake, Clara, alibaki akishona nguo za watu, na mtoto akaanza kuuza magazeti kwenye kituo cha treni. Alipofika miaka 11 alisikia kwamba klabu ya gofu ya Glen Garden inawalipa vijana wanaobeba mifuko ya fimbo senti 65 kwa mzunguko mmoja. Ndiyo njia iliyomwingiza kwenye gofu, kama ilivyowaingiza wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya na Uganda.

Kwenye kundi lile la wabeba mifuko alikuwapo kijana mwingine wa umri wake, Byron Nelson. Krismasi ya mwaka 1927 klabu iliwaandalia vijana hao mashindano yao. Hogan na Nelson walilingana, wakacheza tena, na Nelson akashinda kwa mkwaju mmoja. Tutamrudia Nelson, kwa sababu bila yeye hadithi hii haikamiliki.

Hogan aliacha shule na kuingia gofu ya kulipwa mwaka 1930, akiwa na miaka 17. Ilikuwa enzi ya mdororo mkubwa wa uchumi na zawadi zilikuwa ndogo. Alitoka, fedha zikamwishia, akarudi Fort Worth kufanya kazi za hapa na pale. Akatoka tena, zikamwishia tena. Mwaka 1935 alimwoa Valerie Fox, na tangu hapo walisafiri pamoja kwa gari, kutoka mji hadi mji, wakilala hoteli za bei ya chini. Mapema mwaka 1938 huko Oakland, California, walikuwa wamebakiwa na akiba kidogo tu. Asubuhi moja ya mashindano Hogan alikuta gari lake limewekwa juu ya mawe na matairi yamechukuliwa. Akapata lifti hadi uwanjani, akacheza, na zawadi aliyoipata ikatosha kuwaweka barabarani. Aliyewahi kukwama na mzigo wa nyanya kwa ajili ya tairi hana haja ya kuelezwa zaidi.

Ushindi wake wa kwanza wa peke yake ulikuja Machi 1940, Pinehurst, North Carolina. Alikuwa amesubiri miaka kumi. Baada ya huo akashinda mengine mawili mfululizo ndani ya siku chache, na hapo ndipo ilipoanza ile miaka mitatu ya kuongoza kwa mapato.

Nini kilimfikisha? Mazoezi, jibu ambalo leo linaonekana la kawaida. Wakati ule wachezaji wengi wa kulipwa walipasha mwili kidogo na kwenda kucheza. Hogan alipiga mipira kwa saa nyingi kabla ya mchezo, na baada ya mchezo akarudi kupiga mingine, hata siku aliyoshinda. Kijana alisimama mbali na mfuko, na Hogan aliipeleka mipira karibu na miguu yake mmoja baada ya mwingine. Wenzake walimwona mtu wa ajabu. Alikuwa mkimya, mkavu, asiyetania uwanjani. Nakiri kwamba si mtu ambaye ningefurahia kusafiri naye Busia hadi Kampala.

Vita ikamchukua mwaka 1943 kwenda jeshi la anga la Marekani. Aliporudi mwaka 1945 alimkuta Nelson, ambaye hakuchukuliwa jeshini kwa sababu za kiafya, amekuwa mfalme. Mwaka huo Nelson alishinda mashindano 18, kati yake 11 mfululizo. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo.

Kisha Nelson akaacha. Mwishoni mwa mwaka 1946, akiwa na miaka 34 na bado miongoni mwa walio bora, alijiondoa kwenye mzunguko wa mashindano ya kila wiki na kuhamia kwenye shamba lake la mifugo huko Roanoke, Texas. Fedha za gofu zilikuwa zimekusudiwa shamba hilo tangu mwanzo. Lengo lake lilikuwa nje ya uwanja, alilifikia, akashika njia. Aliishi hadi mwaka 2006, na wote waliomjua walimwona mtu aliyeridhika. Sioni kosa lolote katika uamuzi huo. Anayefanya biashara ili ajenge nyumba, akaijenga, akafunga duka, hajashindwa.

Hogan hakuwa na shamba la kwenda. Mwaka huo huo wa 1946 ulimwonyesha alichokuwa akikiogopa. Kwenye Masters alihitaji kuingiza mpira kwa mikwaju miwili ya karibu na shimo la mwisho ili alingane na kiongozi; akatumia mitatu. Miezi miwili baadaye, kwenye US Open, jambo lile lile likamkuta tena shimo la mwisho. Katika mwaka huo aliacha mashindano kwa muda, akarudi Fort Worth, akakaa kufikiri. Akabadili namna mkono wake wa kushoto ulivyoshika fimbo, na jinsi kiganja kilivyosogea fimbo inapopanda, ili mpira usiweze tena kupinda kushoto hata akitaka. Sasa ulielea kidogo kulia na kutua taratibu.

Hebu tulitazame hilo kwa jicho la biashara. Huyu alikuwa ameshawahi kuongoza nchi nzima kwa mapato, mara tatu, kwa kutumia mtindo aliokuwa nao. Kuubadili kulikuwa na hatari ya kupoteza hata kile kidogo kilichofanya kazi. Lakini kwake mapato ya jana hayakuwa dhamana ya kesho. Kujiamini alikokuwa akikitafuta kulikuwa ni kule kwa fundi anayejua kiungo alichokifunga hakitafunguka, na huwezi kukipata kwa kusoma orodha ya ushindi wako. Agosti 1946 alishinda PGA, ubingwa wake mkubwa wa kwanza. Alikuwa ametimiza miaka 34, umri ule ule Nelson aliostaafia. Mwaka 1948 akaongeza PGA nyingine na US Open, hii ya mwisho kwa mikwaju 276, rekodi ya mashindano hayo kwa wakati ule.

Februari 2, 1949, akitoka Phoenix alikoshindwa na Jimmy Demaret katika mchezo wa kuamua mshindi, alikuwa akiendesha kurudi nyumbani na Valerie kando yake. Karibu na Van Horn, Texas, kulikuwa na ukungu. Basi lililokuwa likilipita lori likaja upande wao juu ya daraja. Hogan alijirusha mbele ya mke wake kumkinga. Usukani ukachoma kiti cha dereva alichokuwa amekiacha sekunde moja kabla. Valerie alipata majeraha madogo. Hogan alivunjika nyonga, mfupa wa bega, kifundo cha mguu wa kushoto na ubavu.

Alipelekwa hospitali El Paso, mji wa mpakani ambao ng'ambo ya mto wake ni Ciudad Juárez ya Mexico. Damu ikaanza kuganda kwenye mishipa, na madaktari wakalazimika kufunga mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka miguuni ili donge lisifike kwenye moyo na mapafu. Operesheni hiyo iliokoa maisha yake na kumwachia miguu iliyovimba na kuuma maisha yake yote. Kulikuwa na shaka kama angetembea vizuri tena. Alitoka Aprili 1, akiwa amekonda sana.

Kwa mtu aliyekuwa ameshashinda alichoshinda, hapo pangekuwa mahali pa heshima pa kuishia. Yeye alianza kwa kutembea ndani ya nyumba, akazunguka sebule, kisha akatoka nje na kuzunguka mtaa. Januari 1950 alicheza Los Angeles na kulingana na Sam Snead, kabla ya kushindwa kwenye mchezo wa kuamua.

Juni mwaka huo ilikuja US Open katika uwanja wa Merion, Pennsylvania. Siku ya mwisho wakati ule ilikuwa ya mashimo 36, yaani mizunguko miwili kamili kwa miguu. Hogan alikuwa amefungwa bendeji miguu yote. Aliongoza, kisha katika mashimo ya mwisho uongozi ukamponyoka kwa uchovu. Shimo la 18 alihitaji mikwaju minne ili asitolewe. Wa pili wake, kwa fimbo ya chuma nambari moja ambayo wachezaji wengi huiogopa kwa ugumu wake, ulifika karibu na shimo, na mpiga picha aliyekuwa nyuma yake akaupata mkao wake. Picha hiyo hadi leo hutundikwa kwenye klabu za gofu. Kesho yake alicheza mashimo mengine 18 dhidi ya Lloyd Mangrum na George Fazio, akashinda kwa tofauti ya mikwaju minne.

Tangu hapo alichagua mashindano machache kila mwaka, kwa kuwa miguu haikumruhusu zaidi. Mwaka 1953 alicheza sita akashinda matano, yakiwemo Masters, US Open, na mashindano ya wazi ya Uingereza yaliyofanyika Carnoustie, Scotland. Huko hakuwahi kucheza. Alikwenda wiki mbili mapema kujifunza ardhi, upepo, na mpira mdogo wa Kiingereza. Alipata 73, 71, 70 na 68, kila mzunguko bora kuliko uliotangulia. New York ilimpokea kwa maandamano ya barabarani. Hakurudi tena kwenye mashindano hayo.

Mwaka huo huo alifungua kampuni ya kutengeneza fimbo za gofu Fort Worth. Toleo la kwanza lilipotoka kiwandani aliliona halina ubora, akaagiza litupwe. Baadhi ya waliotia fedha zao walitaka ziuzwe hivyo hivyo, na kwa hesabu ya kawaida walikuwa na hoja: jina lake lingeziuza. Alikataa.

Mwaka 1955, kwenye US Open huko San Francisco, alimaliza akiongoza na kuonekana ameshachukua taji la tano. Nyuma yake alikuwa bado uwanjani mtu asiyejulikana, Jack Fleck, mwalimu wa gofu kwenye viwanja vya umma vya Davenport, Iowa. Fleck alimfikia, na kesho yake akamshinda kwa 69 dhidi ya 72. Alikuwa akitumia fimbo za kampuni ya Hogan, na nyingine kati ya hizo Hogan mwenyewe alimkabidhi wiki ile ya mashindano.

Kuna jambo ambalo mazoezi hayakulitibu. Kadiri miaka ilivyosonga, Hogan alisimama juu ya mpira ulio hatua moja kutoka shimoni, na mikono ikagoma kuusukuma. Watazamaji walisubiri kimya, naye akasubiri. Mikwaju mirefu aliendelea kuipiga kuliko mtu yeyote. Ule mfupi ambao mtoto angeuingiza ndio uliomwibia mataji. Mwaka 1960, akiwa na miaka 47, alikaribia US Open nyingine hadi mpira wake ulipoingia majini shimo la pili kutoka mwisho. Mwaka 1967, akiwa na miaka 54, alicheza mzunguko wa 66 kwenye Masters, na watu walisimama kumpigia makofi karibu kila shimo alilolifikia. Alimaliza na ushindi 64, tisa kati yake wa mashindano makubwa.

Baada ya kuacha mashindano mwaka 1971 aliendelea kwenda ofisini kwenye kampuni yake, ambayo tangu mwaka 1960 ilikuwa mali ya wengine. Kisha alikwenda klabu ya Shady Oaks, akala chakula cha mchana, akachukua mfuko wa mipira na kwenda mbali na watu kupiga. Hakukuwa na shindano lililomngoja. Alifariki Fort Worth Julai 25, 1997, akiwa na miaka 84. Valerie alimfuata miaka miwili baadaye. Hawakujaliwa watoto.