Munganga wa jicho moja



Katika biolojia tunafundishwa kwamba mwili wa mtu uko na tisu za aina ine: ya kufunika, kama ngozi, ya kuunganisha, kama mifupa na damu, ya misuli, yenye kuvuta, na ya neva, yenye kupeleka habari. Wengi wetu tunameza maneno haya sababu ya mtihani, kisha tunasahau. Kwa Denis Burkitt yalikuwa mambo ya kufa na kupona.

Alizaliwa Ireland mwaka wa 1911. Akiwa na miaka 11 alipoteza jicho la kuume. Alipomaliza kusomea uganga aliomba kutumika Afrika, lakini wakubwa wa makoloni wa Uingereza walimkataa kwanza sababu ya jicho lile. Hakuchoka. Mwaka wa 1946 akafika Uganda, na baadaye akawa munganga wa kupasua katika hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka wa 1957, mwenzake Hugh Trowell alimwonyesha mtoto ambaye taya zake zilivimba pande zote, juu na chini. Burkitt akashangaa, maana uvimbe wa kansere huanza pahali pamoja. Majuma machache nyuma, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso namna ileile. Huyu alikuwa na uvimbe hata tumboni. Burkitt akapekua daftari za hospitali, akakuta kwamba uvimbe wa taya, wa figo na wa maini, uliohesabiwa kuwa magonjwa mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja.

Wanganga wa mikroskopi wakaona sababu yake. Haikuwa kansere ya mfupa. Ilikuwa ya lenfosite, ni kusema selule nyeupe zenye kazi ya kupigana na mikrobe. Askari hawa wanatembea mwili mzima. Kisu hakiwezi kuwafuata kote, lakini dawa yenye kupita katika damu inawafikia. Burkitt akajaribu dawa hizo, na watoto wengine wakapona kabisa.

Mwaka wa 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kilometa 16.000 kwa motokari ya zamani, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama ugonjwa huu umeonekana. Wakakuta uko mwingi penye joto na mvua, na haba sana kwenye milima ya baridi. Mwaka wa 1964 Epstein, Achong na Barr wakavumbua virusi ndani ya selule za uvimbe ule. Leo tunajua kwamba malaria pia inausaidia.

Burkitt alikufa mwaka wa 1993. Ugonjwa unaitwa jina lake, lenfoma ya Burkitt.

Ndugu zetu, tukirudi nyumbani tusiache somo hili darasani. Kansere hii inakua upesi sana. Mtoto akivimba taya, tusimngojeshe tukisema ni jino tu. Apelekwe hospitali palepale.