Krapf Hakuja Peke Yake

Muulize mtoto wa shule Krapf ni nani, atakujibu kwa pumzi moja: Mjerumani, mmishonari, Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Mwalimu atampa alama zake. Lakini kwetu watu wa pwani jibu hilo limeacha nje nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayotuhusu. Krapf aliletwa na jahazi, akiwa na mkewe, na lugha aliyoiandika alifundishwa na wazee wa hapa hapa. Leo nataka kuisimulia hiyo nusu ya pili.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa Januari 11, 1810, katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alisomea kazi ya dini Basel, Uswisi, kisha akaingia katika Church Missionary Society ya Uingereza iliyompeleka Uhabeshi. Huko alikaa miaka kadhaa, mingi yake katika ufalme wa Shewa, na moyo wake ukashikamana na Waoromo. Nia yake ilikuwa kuwafikia hao. Mombasa haikuwa katika hesabu zake.

Mwaka 1842 alitoka Shewa, akaenda Misri kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, wakaoana Alexandria. Walipotaka kurudi Uhabeshi pamoja, njia zilikuwa zimefungwa. Walijaribu kupitia Massawa. Katika nyika ya huko Rosine alijifungua kabla ya siku zake, na mtoto hakuishi. Walimpa jina Eneba, ambalo kwa Kiamhari ni chozi. Fikiria, msomaji wangu: bibi arusi ambaye hajamaliza hata mwaka na nusu tangu harusi yake, ameshazika mtoto jangwani.

Hapo Krapf akapata fikra nyingine. Kama mlango wa kaskazini umefungwa, wataizunguka nchi kwa bahari, waingie kwa Waoromo kutoka upande wa kusini. Novemba 11, 1843, mke na mume wakapanda chombo cha Kiarabu bandarini Aden, safari ya Unguja.

Anayeijua bahari yetu anajua Novemba ni mwezi wa namna gani. Kusi imeondoka, kaskazi haijashika vizuri. Ni maleleji, na nahodha halali usingizi mzito. Hawakwenda mbali. Upepo uliwakataa, bahari ikachafuka, na chombo kikaanza kuvuja. Iliwabidi kugeuza kurudi Aden, na kidogo wapoteze maisha yao. Mwingine angeshukuru Mungu akabaki nchi kavu. Wao, kabla mwezi haujaisha, walikuwa wamepanda tena.

Mara hii kaskazi iliwachukua. Walilizunguka pembe la Somalia, wakashuka na pwani ya Banadir, na mwisho wa Disemba wakaingia Takaungu, hapa jirani zetu Kilifi. Takaungu ya siku zile ilikuwa na Mazrui waliohamia baada ya Sayyid Said bin Sultan kuitwaa Mombasa mwaka 1837. Kutoka hapo wakapita Mombasa, na mapema Januari 1844 wakafika Unguja.

Sasa tazama mambo ya watu wetu. Sayyid Said, mtawala Muislamu, alijua fika kwamba mgeni huyu ni mhubiri wa dini nyingine. Hata hivyo alimpa barua ya kuwataka maliwali wake wa pwani wampokee kwa wema. Krapf akachagua Mombasa, na mwezi Mei yeye na Rosine wakahamia.

Mwezi Juni akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyekaa naye kumsaidia alikuwa Ali bin Muhyiddin, Kadhi wa Mombasa. Kadhi mzima! Sidhani kwamba mzee yule alikuwa na shaka juu ya dini yake, wala sidhani alikuwa hajui mgeni wake anataka nini. Aliijua lugha yake, akamfundisha aliyetaka kujifunza. Elimu kwake haikuwa kitu cha kuogopwa.

Lakini Mei na Juni ni miezi ya mvua na homa, na homa haimchagui mtu. Wote wawili waliugua. Mwanzoni mwa Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, naye mumewe hana nguvu hata za kusimama. Julai 13, 1844, Rosine alifariki. Siku chache baadaye kichanga naye akamfuata. Kwa wasia wake mwenyewe, Rosine alizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo leo panaitwa Nyali. Tangu kupanda chombo Aden mpaka kaburini ilikuwa miezi minane tu.

Krapf alibaki. Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai. Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya Disemba 3, 1849, akiwa Kitui, nchi ya mzee Kivoi. Mwaka 1850 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili, na mwaka huo huo akasafiri kwa bahari kutoka Mombasa mpaka Rasi Delgado. Alikusanya pia miswada ya tenzi zetu za kale, Herekali ikiwamo, akaipeleka Ujerumani. Afya ilimrudisha kwao mwaka 1853, na ingawa alikuja tena kwa ziara, hakuishi tena Afrika. Alifariki Korntal, Novemba 26, 1881. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka uliofuata.

Najua wako watakaoniuliza: wewe Muislamu, Krapf wakutakia nini? Alikuja kututoa katika dini yetu, na aliyoyaandika juu yetu si yote matamu. Ni kweli. Lakini insafu ni wajibu hata kwa mtu msiyekubaliana naye. Na kwangu mimi, kumuachia Krapf hadithi yote peke yake ndiko kunakotudhulumu. Wanaomsifu husema aliiandika lugha yetu kama kwamba aliiokota njiani. Wanaomlaumu humtaja kama kwamba alivamia mji usio na wenyewe. Wote wawili wanamsahau Kadhi. Wanawasahau manahodha na mabaharia waliomvusha. Na karibu wote wanamsahau Rosine, aliyelipa gharama kubwa kuliko yeye na hakupewa hata mstari katika kitabu cha shule.

Kifo cha Rosine hakikuwa cha Kizungu. Kilikuwa kifo ambacho mama wa pwani amekifa miaka nenda miaka rudi: homa na uzazi vimekutana kitanda kimoja. Mama zetu wa Mombasa ya 1844 walikijua vizuri kabla yeye hajafika.

Kwa hivyo nina ombi dogo kwa walimu wetu na kwa vijana wanaowatembeza wageni Nyali. Mkifika kwenye mnara wa kumbukumbu ya Krapf, msiishie kwenye mlima. Waonyesheni na kaburi la Rosine. Kisha waambieni kwamba upande wa pili wa maji, katika Mji wa Kale, palikuwa na kadhi aliyeitwa Ali bin Muhyiddin, aliyemfundisha mgeni lugha yetu.